Mazito Yaweke Pembeni

Kazi yangu mgodini ilikuwa kupima uzito wa makopo, na wachimbaji waliniita Mama Mizani. Wengine walidhani jina hilo linaniudhi. Wala. Kilichoniudhi ni mtu kuingia chumbani kwangu na viatu vya tope, akaegemea meza, mizani ikacheza, halafu akaniuliza kwa nini nimenuna.

Tulikuwa tunachimba makaa ya mawe. Kila aliyeshuka chini alifunga kiunoni kopo la chuma lenye ukubwa wa chupa ndogo ya chai, na hakuruhusiwa kulifungua mpaka siku ya balaa. Makaa yakishika moto huko chini, au mkanda wa kusafirishia makaa ukiungua, hutoka hewa moja isiyo na harufu wala rangi, wala haiwashi macho. Vitabuni inaitwa monoksidi ya kaboni. Sisi tulimwita Kimya, kama mtu, kwa sababu alikuwa na tabia za mtu mbaya: anaingia bila hodi, anakulegeza miguu kwanza, kichwa baadaye, na ukija kugundua yupo huna tena nguvu za kumkimbia.

Kopo ndilo lilikuwa dawa yake. Unalifungua, unang'ata mpira wake kwa meno, unabana pua kwa kibanio, unatembea kwenda nje ukivuta hewa kwa mdomo. Ndani yake mna matabaka mawili. La kwanza ni chumvi ya kukausha hewa. La pili ni punje nyeusi za oksidi ya manganisi iliyochanganywa na oksidi ya shaba. Punje hizo ndizo zinazomgeuza Kimya akawa hewa ile ile tunayoitoa puani kila siku, isiyo na madhara ya haraka. Zikiwa kazini zinachemka. Hewa inayokufikia mdomoni inaunguza ulimi, na kadiri Kimya anavyokuwa mwingi ndivyo inavyounguza zaidi. Kila mwaka tuliwakalisha wachimbaji darasani tukawaambia: ukiungua mdomo, shukuru, na usilitoe kopo hata kama unalia machozi.

Sasa adui wa punje hizo ni maji, na si lazima yawe maji ya kumwagika. Unyevu wa hewa tu unatosha. Nilifundishwa hayo na Mkemia, mama mmoja mpole aliyekuja kutoka maabara kuu kutufundisha kwa siku mbili. Alimwaga punje kiganjani mwangu akaniambia nizitazame vizuri. Alisema kazi yote inafanyika kwenye uso wa punje, ndani hakuna kitu. Kwenye uso huo kuna oksijeni ambayo punje inamwazima Kimya anapopita, kisha inajirudishia nyingine kutoka hewani. Lakini maji yakiwahi, yanashika nafasi zile zile. Tone la mvuke linagusa uso, linavunjika vipande viwili, kimoja kinakaa hapa, kingine pale, na hakinyanyuki. Ni kama benchi la zahanati lililojaa watu wasioumwa. Mgonjwa anaingia, hana pa kukaa, anapita moja kwa moja.

"Hayaziui punje kwa mara moja," Mkemia alisema. "Yanachukua nafasi moja moja. Kopo lenye unyevu linachoka polepole."

Mimi maneno mengi sina. Kwenye daftari langu niliandika makundi mawili tu, zima na lililokufa. Kila kopo lilikuwa limegongwa kwenye kifuniko uzito wake wa kiwandani. Mpira wa kifuniko ukichoka, unyevu unapenya, kopo linaongezeka uzito. Likizidi gramu kumi, limekufa. Ndivyo nilivyosema kila siku mbele ya kila mtu: hili zima, hili limekufa, lete lingine. Nililipaka lililokufa msalaba wa rangi nyekundu nikalitia chini ya meza kungoja sahihi ya afisa usalama, nikamaliza. Watu walicheka kwamba daktari gani huyu hajawahi kutibu mgonjwa.

Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi kwenye kundi la mafundi wa mkanda. Mgodi mzima ulimjua kwa jina la Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia. Aliongea akila, aliongea akifunga kamba za viatu, na mama alikuwa akiapa kwamba hata alipozaliwa hakulia, alilalamika. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, na mama alikuwa ameshaanza kupoteza macho.

Halafu alikuwepo Mtungi. Alihamishiwa stoo kwetu miezi miwili kabla ya hayo ninayoyasimulia. Zamani alikuwa kwenye bohari ya mitungi ya gesi, miaka kumi na minane ananyanyua mitungi na kujua kwa mkono tu upi umejaa na upi umekwisha. Mtu mwema kupita kiasi. Akikuletea karatasi anakuletea na kiti. Mimi watu wema wa namna hiyo hunichosha, na sikumficha.

Msimu ule mvua ilinyesha wiki tatu bila kupumzika. Kuta za stoo zilitoa jasho. Siku moja asubuhi nilipima makopo arobaini na nikakuta manne yamezidi. Matatu yalizidi gramu kumi na mbili, kumi na tatu hivi. La nne lilizidi gramu ishirini na tatu. Ukiyamwaga maji ya hilo la nne kwenye kikombe hayafiki vijiko vitano vya chai.

Siku hiyo hiyo nilikuwa naanza likizo ya siku nne. Mama alikuwa anafanyiwa upasuaji wa macho, Redio alinyimwa ruhusa, kwa hiyo nilikwenda mimi. Gari lilikuwa linanisubiri getini, dereva anapiga honi. Nikafungua kopo la rangi nyekundu nikakuta rangi imekauka, brashi imesimama ndani yake kama mti. Nikamwita Mtungi.

"Haya mazito yaweke pembeni," nikamwambia.

"Pembeni wapi, dada?"

"Pembeni ni pembeni. Umri wote huo hujui pembeni?"

"Basi, dada, usikasirike. Nimeelewa," akasema, akayachukua manne yote kifuani kwa uangalifu mkubwa. Nikaondoka.

Nieleze hapa jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo wakati ule. Ukimwambia muuza duka akuwekee kitu pembeni, maana yake nini? Maana yake ni kizuri, usiwape wengine, kiko kwa ajili yangu. Na kwa mtu aliyekula ujana wake kwenye mitungi ya gesi, kilicho kizito ndicho kilichojaa. Mtungi hakuwa mjinga. Aliunganisha mambo mawili aliyoyajua vizuri, akapata jibu.

Siku ya tano nilirudi kazini nikiwa na furaha ambayo si kawaida yangu. Mama alikuwa amefunguliwa bandeji jioni iliyotangulia akaniambia nimezeeka. Nilitaka Redio apandapo saa nane nimwambie mwenyewe. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mtungi akanipokea mlangoni na tabasamu.

"Karibu, dada. Pole na safari. Ya kwako nimeyatunza kama ulivyosema."

"Yangu yapi?"

"Yale mazito. Matatu yapo hapa chini, nimeyafunika na gunia mtu asiyaone. Moja nimeshampa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si ndugu yako, Redio! Kopo lake lilikuwa limebonyea, akaja asubuhi hii kubadilisha. Nikasema haiwezekani nimpe mdogo wa dada kopo jepesi na mazito yapo. Nikayapima kwa mkono yote manne, nikampa lililoyazidi mengine. Amefurahi huyo! Amesema dada yangu hajui kucheka lakini ananijali."

Sikupiga kelele. Hilo lenyewe lingemshtua mtu yeyote anayenijua. Nilimwambia neno moja ambalo siliandiki hapa, nikatoka mbio nikimwacha ameduwaa na gunia mkononi. Sikumweleza kitu. Nilijiambia nitamweleza baadaye.

Chumba cha simu kilikuwa upande wa pili wa uwanja, hatua kama themanini. Kundi la Redio lilikuwa na watu watatu, nyapara wao, fundi umeme, na yeye. Walikuwa wameshuka tangu saa moja kutengeneza rola ya mkanda iliyokuwa imekwama na kupata moto tangu jana yake. Nilipanga kumwambia karani wa simu awaite wapande wote, nimbadilishie mdogo wangu kopo, nimtukane kidogo, yaishe. Nilikuwa katikati ya uwanja king'ora kilipolia.

Rola ile ilikuwa imechoma mkanda.

Nilipoingia, karani wa simu alikuwa ameshasimama. Mbele yake ukutani kulikuwa na mchoro wa mgodi wenye taa ndogo, na chini ya kila taa kipimo kinachosoma Kimya ni mwingi kiasi gani mahali hapo. Mkuu wa waokoaji alikuwa anavaa mitungi yake ya oksijeni huku anauliza maswali. Karani akamjibu bila kugeuka. Watu wote wa upande wa mashariki walikuwa wameshatoka au walikuwa hewa safi. Waliobaki kwenye moshi ni watatu.

"Mafundi wa mkanda," akasema. Ndipo akaniona. "Aa, Mama Mizani. Usiogope. Wana makopo. Ni mwendo wa dakika arobaini kwa kamba, kopo linabeba saa nzima."

Nikamweleza kwa maneno machache. Alinisikiliza mdomo wazi. Mkuu wa waokoaji akaacha kufunga mkanda wake, akanitazama, akaufunga tena haraka zaidi.

Taa ya kituo cha tatu ikawaka. Kwa utaratibu wetu, kundi likiwa linatoka kwenye moshi linashika kamba moja, na kila kituo cha simu mtu wa mwisho anasimama kutoa habari. Kwa kuwa mdomo umeng'ata mpira, haongei. Anagonga simu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Ni nyie mafundi wa mkanda?" karani akauliza kwenye simu.

Mara moja.

"Wote watatu mko hapo?"

Mara mbili.

"Wenzako wametangulia kwenye kamba?"

Mara moja.

"Wewe ni Redio?"

Mara moja, kwa mbwembwe, na nyingine ndogo ndogo tatu kama mtu anayepiga ngoma. Hata pale. Karani akanitazama na kuweka kidole kwenye kipimo cha kituo cha tatu. Sindano ilikuwa kwenye wekundu. Pale aliposimama mdogo wangu, Kimya alikuwa ameshafika zamani.

Nikampokonya simu.

"Redio. Ni mimi dada yako. Nijibu vizuri, acha mchezo. Hewa ya kopo lako ina moto?"

Akagonga moja. Nikangoja. Kukapita muda, akagonga nyingine, kwa kusitasita. Nikahesabu mbili.

Mahali pale, kopo zima lingekuwa linamchoma midomo. Wenzake wawili waliokuwa mbele yake kwenye kamba walikuwa wanaungua na kububujikwa na machozi, na yeye yuko raha mustarehe anapiga ngoma. Dakika arobaini hazikuwezekana. Lakini hatua mia mbili nyuma yake, kona ya kushoto, kulikuwa na chumba cha kukimbilia, chumba cha chuma chenye mlango wa mpira na bomba la hewa safi kutoka juu. Mtu akiingia humo anakaa hata siku mbili akingoja kufuatwa.

"Nisikilize," nikamwambia. "Kopo lako limekufa. Umesikia? Limekufa. Achana na kamba. Geuka, nenda chumba cha kukimbilia sasa hivi. Kushoto. Mia mbili tu."

Halafu nikasikia sauti yake, sauti kabisa, safi, kama yuko mlango wa pili. Alikuwa ametoa mpira mdomoni.

"Limekufa? Mbona lilikuwa zuri, dada. Wenzangu wanahangaika na moto, mimi najisemea leo nimebahatika."

"Nyamaza! Usiongee! Nenda!"

"Haya, naenda. Mama je? Macho yanaona?"

"Nenda wewe!"

"Naenda," akasema. Nikasikia simu inagonga ukuta, kisha inakwaruza. Kisha hakuna kitu.

Sikumjibu kuhusu mama. Neno moja lingetosha, nalo nililibana kwa ajili ya haraka.

Mkuu wa waokoaji alikuwa ameshatoka na watu wake wanne. Karani akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, macho kwenye saa. Hatua mia mbili kwenye moshi, kwa kupapasa ukuta, ni dakika nne, tuseme tano. Akifika, simu ya chumba cha kukimbilia itawasha taa ya bluu. Tukaitazama taa hiyo. Simu ya kituo cha tatu nilikuwa bado nimeishika mkononi, wazi, kwa sababu sikuwa na akili ya kuiweka. Dakika ya tatu ikapita.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo akaingia Mtungi. Alikuwa amekimbia, shati limelowa, na kifuani amekumbatia yale makopo matatu.

"Dada! Nimesikia king'ora. Nimeleta yaliyobaki, haya mazito, waokoaji wayabebe wawapelekee watu. Wape wao kwanza, dada, mimi nitakupatia mengine ya kwako."

Alikuwa bado hajui. Amevuka uwanja mzima na makopo matatu mabovu akiamini ameleta uhai, na asingejua, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mtu mwenye roho ya kawaida angeliona hilo. Mimi damu ilinichemka. Nilimgeukia na simu mkononi nikafungua mdomo, na yote niliyoyafunga tangu asubuhi yakatoka.

Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia kopo zito ni kopo lililokunywa maji, hata mtoto wa shule angeuliza. Nilimwambia amechukua miaka kumi na minane ya mitungi yake akaja kumwekea nayo ndugu yangu kaburi. Alianza kutikisa kichwa, akasema, "Dada, lakini ulisema pembeni," na hapo nikapaza sauti zaidi, kwa sababu alikuwa sahihi.

"Umemuua!" nikapiga kelele. "Unasikia? Unangoja nini hapa na makopo yako? Hakuna wa kumpelekea. Kopo lile halimfikishi mtu popote. Ameshakufa yule! Ameshakufa, na mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia mama!"

Mtungi akayaweka makopo chini moja moja, taratibu, akakaa sakafuni kando yake. Karani akasema, "Mama Mizani, tafadhali." Nikanyamaza. Nikaweka simu juu ya meza, wazi vile vile, nikarudi kuitazama taa ya bluu.

Dakika ya sita. Ya kumi. Ya ishirini.

Haikuwaka.

Nyapara na fundi umeme walitoka saa tano kasoro dakika kumi, midomo imevimba na kubabuka. Nyapara aliniuliza Redio yuko wapi, maana alidhani amewapita kwenye moshi kwa jinsi alivyo na haraka ya kwenda kusimulia. Nilimwambia amekwenda chumba cha kukimbilia. Nilisema hivyo kwa uso mkavu, na kwa dakika chache hata mimi niliamini. Waokoaji walipanda saa saba mchana na machela moja, aliyelala juu yake amefunikwa uso.

Mama alimwona kwa macho yake mapya. Hayo sina nguvu ya kuyaandika.

Baada ya wiki tatu tuliitwa kwenye kikao cha uchunguzi. Meza ndefu, mwenyekiti na wajumbe wawili, sisi tumekaa kwenye viti vya ukutani. Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaambia mapema kabisa, kabla hata sijaulizwa, kwamba maneno "mazito yaweke pembeni" ni yangu, sikuweka alama nyekundu, na Mtungi alipotaka kueleweshwa nilimfokea. Mtungi alisimama akasema si kweli, kosa ni lake. Mwenyekiti akamwomba akae. Nilifikiri hilo ndilo zito la siku hiyo na kwamba nimeshalitua.

Kisha akaitwa Mkemia. Alikuwa amelikata kopo la Redio maabara na kuzipima punje. Aliongea kwa upole wake ule ule, macho kwenye karatasi. Alisema maji yalikuwa yamechukua nafasi nyingi kwenye uso wa punje, lakini si zote. Karibu nusu ilikuwa bado wazi. Kopo lile lisingeweza kumfikisha mtu nje kwa dakika arobaini, hapana. Lakini kwa dakika kumi za kwanza, au kumi na mbili, lilikuwa linafanya kazi, ndiyo maana marehemu alikuwa anasimama na kujibu. Hewa yake ilikuwa na vuguvugu kidogo, si moto.

"Angeweza kutembea hatua mia mbili?" mwenyekiti akauliza.

"Kama aliendelea kuling'ata, ndiyo," Mkemia akasema. "Sijui kwa nini alilitoa."

Nikakumbuka jinsi alivyogonga, moja, kisha nyingine baada ya kusita. Alikuwa anatafuta namna ya kusema kidogo, na sisi tulikuwa tumempa ndiyo na hapana. Nikamwambia limekufa. Mwenye kopo lililokufa anabaki akilinyonya la nini? Akalitoa ili aongee na mimi.

Mkuu wa waokoaji alikuwa wa mwisho. Tangu siku ile alikuwa ananikwepa, tukikutana kwenye korido anageukia njia nyingine, nami nilidhani ana hasira na mimi kama wengine. Mwenyekiti akamwuliza mwili ulipatikana umbali gani kutoka chumba cha kukimbilia.

"Hatua mia mbili," akasema.

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akamwambia afafanue.

"Hakuondoka pale, mwenyekiti. Tulimkuta kituo cha tatu, chini ya simu. Amekaa, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Simu ilikuwa sikioni. Ameishikilia kwa mikono miwili."

"Pengine miguu ilishindwa."

"Pengine. Alama za viatu zilionyesha alikwenda hatua sita, saba hivi, kuelekea kule kwenye chumba. Halafu akarudi."

Mwenyekiti akaandika. Nilisikia kalamu yake. Kisha akainua kichwa na kuuliza kama kulikuwa na mtu aliyekuwa anaongea kwenye simu ya kituo cha tatu wakati huo, na karani wa simu akainamia viatu vyake.

Nikasimama. Nikasema ndiyo, kulikuwa na mtu, ni mimi. Wakaniuliza nilikuwa namwambia nini. Nikawajibu kwamba yeye sikuwa namwambia kitu, nilikuwa nagombana na mtu mwingine, simu iko wazi mkononi. Mjumbe mmoja akasema hata hivyo, kwa ajili ya kumbukumbu, niyataje maneno ambayo huenda marehemu aliyasikia.

Nikayataja. Nilikuwa nasema ameshakufa.